Aljebra ya kujisomea kwa kompyuta: namna ya kuanza, kuendelea na kumaliza

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata D au D+ ya hisabati katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, akapewa kozi ya aljebra ya maandalizi kabla ya kuruhusiwa kusoma kile alichokiomba, kisha akakuta kozi yenyewe haina mwalimu mbele ya ubao. Ina programu tu. Inakupa swali, unajibu, inasahihisha, ikiridhika inakufungulia mada inayofuata. Huenda ni ALEKS, huenda ni Khan Academy, huenda ni nyingine ya jamii hiyo. Hatua zake hazitofautiani sana.

Nimekaa na wanafunzi wa kozi hizi hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na wanaanguka mahali pale pale. Wanaambiwa watajifunza kwa mwendo wao wenyewe, nao wanasikia kwamba hakuna haraka. Mtihani wa kwanza wanaufanya wakiwa na msaidizi pembeni. Maswali wanayatatua kichwani. Wiki ya nane inawakuta na asilimia 15, na ada imeshalipwa. Wengi wao wana uwezo kabisa, na inaniuma kuwaona wakiacha.

## Vitu vya kuandaa

Kompyuta yenye kibodi. Simu inafaa kwa kutazama somo ukiwa kwenye matatu. Ukianza kuandika hesabu yenye mabano juu na chini ya mstari, au kuchora grafu, kidole kinafunika kile unachotaka kukiona. Kama huna laptopu, chagua saiba au maktaba moja na uweke saa zako za kudumu pale.

Daftari mbili za kurasa 200. Moja la kazi, moja la makosa. Ongeza daftari la vijisanduku kwa ajili ya grafu.

Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Kifutio kiache nyumbani. Sababu iko kwenye hatua ya 5.

Kalkuleta ya kisayansi. Ile Casio fx-82MS uliyotoka nayo sekondari inatosha.

Bando au Wi-Fi. Maswali hula bando kidogo, video ndizo zinazolimaliza. Soma maelezo ya maandishi kwanza, video iwe ya pale ulipokwama. Ikiwa mnasoma kikundi mahali pasipo na intaneti ya kuaminika, kuna programu ya bure iitwayo Kolibri. Mtu mmoja hupakua masomo ya Khan Academy mara moja, kisha wengine wanayafungua kwa Wi-Fi ya ndani bila kununua bando.

Mtu mmoja wa kumuuliza. Si lazima awe mwalimu. Inatosha awe ameshapita hapo na ana subira.

## Hatua ya 1: Gawanya mada kwa siku kabla ya kujibu swali lolote

Fungua orodha ya mada uzihesabu. Tuseme ni 240 na muhula una wiki 12. Usigawanye kwa 12, gawanya kwa 10. Wiki moja itaondoka na ugonjwa, matanga au stima, na wiki ya mwisho ni ya marudio. Hapo ni mada 24 kwa wiki. Ukisoma siku tano, ni mada tano kwa siku.

Mada za mwanzo, kama nambari hasi na milinganyo mifupi, huchukua dakika 10 hadi 15. Kutafuta vigawo, au kujumlisha hesabu zenye herufi chini ya mstari, kunaweza kukumalizia dakika 40 kwa mada moja. Kwa hiyo wiki tatu za kwanza fanya saba au nane kwa siku. Unajiwekea akiba ya siku ngumu.

Tahadhari: programu nyingi huonyesha saa ulizokaa ndani yake. Usijipime kwa saa hizo. Nimeona mtu mwenye saa 30 na mada 12, kwa sababu alikuwa akiiacha wazi huku anapika.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi ukutani yenye tarehe ya kila Ijumaa na idadi ya mada unayopaswa kuwa nayo siku hiyo.

## Hatua ya 2: Mtihani wa kupima kiwango, ufanye peke yako

Hapa ndipo kozi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

ALEKS hukuanzishia mtihani wa kupima unachokijua, takriban maswali 20 hadi 30. Swali linalofuata hutegemea ulivyojibu lililopita. Ukipata, linakuja gumu zaidi. Ukikosa, linashuka. Mwishoni inachora duara lililogawanywa vipande na kukuonyesha unachokijua na unachopaswa kujifunza. Kile inachoamini unakijua, haikufundishi.

Kijana mmoja alikuja na laptopu yake, duara likionyesha ameshamaliza zaidi ya nusu ya kozi. Nikafurahi naye. Kisha nikamkuta amekwama kwenye swali la kujumlisha 2/x na 3/(x + 1). Nikamwomba aweke herufi kando, anijumlishie 1/3 na 1/4 tu. Akaandika 2/7, polepole, kwa mwandiko mzuri. Mtihani wa kwanza alikuwa amefanyiwa na kaka yake, na programu ikamwondolea masomo yote ya sehemu kwa kuamini anayajua. Alikuwa anajengewa ghorofa ya tatu na msingi haukuwepo. Chuo kilimruhusu arudie. Safari ya pili alipata asilimia 11, akaona aibu kuniambia. Nilimwambia hiyo 11 ni yake, na kuanzia hapo alisonga kila wiki.

Kwa hiyo:

1. Kaa peke yako. Karatasi na kalamu mezani, simu imezimwa.
2. Tumia kalkuleta pale tu skrini inapokupa kalkuleta yake.
3. Usichokijua usikibahatishe. ALEKS ina kitufe kinachosema hujajifunza hilo bado: "I haven't learned this yet". Kibonyeze bila haya. Jibu la kubahatisha likikubaliwa, umejinyima somo.
4. Ufanye asubuhi. Huku kwetu, kuanzia Kakamega kupitia Kisumu hadi Kisii, mvua na radi huja alasiri, na stima huondoka nayo. Kukatizwa katikati kunakuvuruga hata pale programu inapohifadhi ulipofika.

Khan Academy haikulazimishi mtihani wa mwanzo. Jipime mwenyewe kwa mtihani wa kozi nzima unaoitwa "Course Challenge", kwa masharti yale yale.

Umefaulu ukitazama mada za kwanza ulizopewa na kuona ni nyepesi kidogo. Ukiziona zote ngeni, kiwango chako kimepimwa juu mno. Mwandikie msimamizi wa kozi siku hiyo hiyo uombe kurudia.

## Hatua ya 3: Jifunze kuandika hesabu kwenye kibodi

Tenga nusu saa ya kuandika tu. Wanafunzi hupoteza alama kwa hesabu walizozipata sawasawa.

Mstari wa sehemu: ukiandika 3/2x ukimaanisha tatu juu ya 2x, programu nyingi husoma tatu juu ya mbili, kisha mara x. Andika 3/(2x), au tumia kitufe chenye visanduku viwili, kimoja juu ya kingine.

Kipeo: ukishaandika ile 2 ndogo ya juu, bonyeza mshale wa kulia ili ushuke chini ndipo uendelee. Usipofanya hivyo, x² + 5 inabaki yote juu, na mashine inaona x iliyopandishwa kwa 2 + 5. Nilikaa na binti mmoja wa Ahero robo saa nzima tukitafuta kosa kwenye hesabu isiyo na kosa. Kilichokuwa kimekosekana ni mshale huo.

Jibu kamili: 1/3 si 0.33. Usipoambiwa ukadirie, acha sehemu, na uipunguze hadi mwisho: 6/8 haitakubaliwa mahali panapotakiwa 3/4. Angalia pia kama "x =" imeshaandikwa kwenye skrini. Ikiwepo, weka nambari pekee.

## Hatua ya 4: Zoea maneno ya Kimarekani

Programu hizi nyingi zimetungwa Marekani, na mwanafunzi wetu hukwama kwenye neno akidhani amekwama kwenye hesabu. Andika haya kwenye jalada la ndani la daftari:

- Mteremko wa mstari, ulioujua darasani kama "gradient", wao huuita "slope". Mlinganyo wetu y = mx + c kwao ni y = mx + b. Ile b ni c yako.
- "Surds" za sekondari kwao ni "radicals".
- Pale mwalimu wako alisema fanya r iwe "subject of the formula", wao husema "solve for r".
- Kufungua mabano mara nyingi huitwa "distribute".
- Mpangilio wa shughuli, yaani kipi kianze kati ya mabano, kuzidisha, kujumlisha na vinginevyo, huitwa PEMDAS, ndugu wa BODMAS.

Kisha kuna maswali ya sarafu, ambayo huwatoa jasho watu wasiowahi kuzishika. "Penny" ni senti 1, "nickel" ni senti 5, "dime" ni senti 10, "quarter" ni senti 25. Swali likisema mtu ana sarafu 20 za nickel na dime zenye thamani ya dola 1.45, kumbuka dola 1 ni senti 100. Nickel zikiwa n, dime ni 20 − n, na mlinganyo ni 5n + 10(20 − n) = 145. Kutoka hapo ni hesabu ya kawaida: n ni 11, dime ni 9. Kwa vipimo, futi 1 ni inchi 12, yadi 1 ni futi 3.

## Hatua ya 5: Kila swali lipite kwenye daftari

Programu huona jibu lako la mwisho tu. Ukikosa, itasema umekosa, lakini haitajua ulipotelea mstari upi. Daftari ndilo linalojua. Ndiyo maana sitaki kifutio, kwa kuwa ukifuta, umefuta ushahidi.

Chora mstari wa kusimama, theluthi moja ya ukurasa iwe kulia. Kushoto ni kazi, hatua moja kwa kila mstari, alama za sawa zikiwa zimepangana wima. Kulia acha wazi kwa kalamu nyekundu.

Chukua hili: 3(x − 4) − 2(x − 5) = 7.

Wengi huandika:

3x − 12 − 2x − 10 = 7
x − 22 = 7
x = 29

Mashine inakataa, nao wanabahatisha 28, kisha 30. Rudisha 29 kwenye swali: 3 × 25 ni 75, 2 × 24 ni 48, baki 27. Tulitaka 7. Sasa panda juu mstari kwa mstari hadi upate penye hitilafu. Ni ile −2 mara −5, ambayo ni +10. Kwa nyekundu, upande wa kulia, andika: "hasi iliyo mbele ya mabano huingia kwa kila kilichomo." Kisha:

3x − 12 − 2x + 10 = 7
x − 2 = 7
x = 9

Jaribu: 3 × 5 ni 15, toa 2 × 4, baki 7. Hilo jaribio lifanye kabla ya kubonyeza, kila mara mlinganyo unaporuhusu. Linachukua sekunde 20, na kosa moja kwenye programu hizi hukurudisha nyuma maswali mawili au matatu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwonyesha mtu kosa lako la juzi kwa kidole.

## Hatua ya 6: Kosa la pili ni ishara ya kusimama

Ukikosa mara moja, tafuta kwenye daftari. Ukikosa aina ile ile mara ya pili, fungua maelezo, yasome hadi mwisho, yafunge, kisha andika upya swali lile lile bila kuchungulia. Ukikosa mara ya tatu, iache mada hiyo kwa siku hiyo. Mara nyingi kinachokukwamisha ni kitu cha nyuma yake. Anayeshindwa na vigawo vya x² + 5x + 6 mara nyingi hajashika jedwali la kuzidisha vizuri kiasi cha kuona kwamba 2 na 3 huzaa 6 na hujumlika kuwa 5.

Usitumie zile programu za kupiga picha swali zikupe jibu. Duara litajaa, nawe utaingia chumba cha mtihani ukiwa mtupu. Nimeshamwona mtu akitoka humo analia, na sikuwa na la kumwambia.

Haya ndiyo makosa ninayoyakuta kwenye daftari karibu zote za makosa:

10 − 4 + 3. Aliyekariri BODMAS, au MAGAZIJUTO ya majirani zetu wa Tanzania, hujumlisha kwanza kwa sababu kujumlisha kumetangulia kutoa kwenye neno. Anapata 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, fanya kutoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo.

(x + 3)² = x² + 9. Weka 1 badala ya x. Kushoto ni 16, kulia ni 10. Iliyo sahihi ni x² + 6x + 9.

(x + 6)/6 = x. Weka 6. Kushoto ni 2, kulia ni 6. Huwezi kukata kitu kilichojumlishwa, unakata kilichozidishwa.

−3² kwenye kalkuleta. Inakupa −9, kwa sababu inapandisha 3 kwanza ndipo iweke hasi. Ukitaka hasi tatu yote ipande, funga mabano: (−3)² ni 9.

Mbinu hiyo ya kuweka nambari ndogo badala ya herufi, ishike. Inakuondolea mashaka bila kumngoja mtu.

## Hatua ya 7: Alama zikishuka, usikimbie

Siku moja utafungua programu na kukuta mtihani wa kukagua. Utaufanya, na asilimia 48 itageuka 41. "Mwalimu, hii kitu imenipunguzia kazi yangu!" Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno, na wiki inayofuata kiti huwa kitupu.

Haijakuibia. ALEKS hukagua kama ulichojifunza wiki tatu zilizopita bado kipo kichwani, na ulichosahau inakurudisha kwenye foleni ya kujifunza. Khan Academy hufanya jambo la jinsi hiyo. Ukikosa stadi fulani kwenye mtihani wa sura, kiwango chake hushuka, na cheo cha juu kabisa hakipatikani kwa mazoezi ya kawaida peke yake.

Mada zilizorudi zifanye mwanzo kesho yake, kabla ya mpya. Huenda haraka kuliko safari ya kwanza. Na ili zisirudi nyingi, Jumapili jioni fungua daftari la makosa, chagua kumi ya zamani, yafanye upya kwenye karatasi tupu. Wanaofanya hivi hupoteza mada mbili tatu. Wasiofanya hupoteza sura nzima.

Umefaulu ukipita ukaguzi mara mbili mfululizo bila kushuka zaidi ya mada tano.

## Hatua ya 8: Wiki ya mwisho na mtihani

Acha mada mpya. Andaa maswali 25 kutoka daftari la makosa, weka saa, yafanye kwa muda ule ule mtakaopewa, bila maelezo pembeni. Fanya hivyo mara tatu, siku tofauti.

Kama chuo chako kiko Marekani na mtihani ni wa mtandaoni, hesabu saa kwa makini. Saa za New York ziko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na kwa saa 8 miezi mingine. Mtihani unaofunguliwa saa mbili asubuhi kwao unaangukia saa tisa au saa kumi alasiri kwetu, wakati wenyewe wa mvua. Chaji laptopu hadi ijae, na uwe na simu yenye bando la kuunganisha Wi-Fi ikikatika. Kama mtihani una kamera ya usimamizi, jaribu kamera na kipaza sauti siku mbili kabla, kwenye meza ile ile na kiti kile kile, na uwaambie wa nyumbani wasiingie. Mtoto akipita nyuma yako akiimba, msimamizi anaweza kukushuku bure.

Ukimaliza, piga picha ya skrini yenye matokeo, tarehe na jina lako, uitume kwa barua pepe yako mwenyewe na uchapishe nakala moja saiba. Linganisha jina lililo kwenye akaunti na lile la kitambulisho na la cheti cha KCSE, herufi kwa herufi. Likitofautiana, omba lirekebishwe kabla akaunti haijafungwa, kwa sababu nyingi hufungwa muhula ukiisha, na ofisi ya usajili itataka karatasi.